Mwaka Niliompotezea Nyanya

Enzi zetu pale Makadara, mwaka mpya ulikuwa ukija mara tatu, na mtoto aliyejua kujipanga alishiba mara tatu. Wa kwanza ulikuwa ule wa Januari, wa watu wote, ambao jirani yetu Mama Mwende aliupokea kanisani na kurudi asubuhi sauti imemkauka kwa nyimbo. Wa pili ulikuwa wa Kiislamu, ambao nyumbani kwetu ulipita kimyakimya kwa dua na uji wa mchele. Wa tatu tuliuita Mwaka tu, bila jina jingine, na huo haukuandikwa kwenye kalenda yoyote niliyowahi kuiona. Ulikuwa kwenye uzi wa shanga, na uzi ulikuwa wa Nyanya.

Wenzangu mliokulia nyumba zile za kanjo, za baraza la jiji, mtakumbuka jinsi tulivyoishi. Bomba moja la maji kwa nyumba kumi na mbili za ploti, foleni ya mitungi tangu alfajiri, na mama wa mtu yeyote alikuwa na ruhusa ya kukuchapa kisha akupeleke kwenu uchapwe tena. Tulicheza kati, wawili wakimlenga wa katikati kwa mpira wa karatasi za nailoni, tukaruka kamba ya bladaa mpaka viatu vya shule vikatoa ulimi, tukapika kalongolongo, chakula cha mchezo, kwa mikebe ya mafuta. Televisheni ilikuwa moja, nyumba ya kona, na tuliitazama kupitia dirishani tukiwa tumepandana mabegani. Binti yangu ana skrini yake ya mkononi na bado analalamika kwamba hakuna cha kutazama. Namwonea huruma, ila si sana.

Nyanya yangu, Bi Rehema, ndiye aliyemzaa baba. Alikuwa mtu wa pwani, wa mji mdogo wa kaskazini, na aliletwa Nairobi na ndoa. Mume akafa, yeye akabaki, akisema baridi ya Nairobi imeshamzoea. Kule kwao alimwacha dada yake mkubwa, Bi Mwanaisha. Baba alikuwa dereva wa lori la Mombasa, kwa hiyo barua zao zilisafiri chini ya kiti chake, pamoja na ubani na achari.

Siku moja nilimuuliza Nyanya huu Mwaka umetoka wapi. Alikuwa akichambua mchele na hakuacha.

"Mwezi wa mbinguni hauna habari na mvua," akasema. "Ukipanda kwa kufuata Ramadhani, leo utapanda masika, kesho utapanda kiangazi, na utakufa njaa. Basi wazee wakahesabu siku za jua. Kumi kumi. Kila kumi ni mwongo mmoja. Miongo thelathini na sita, na siku tano za mwisho za kufagia nyumba. Hapo mwaka umekwisha."

"Nani aliwafundisha?"

"Wengine wasema ni watu wa Uajemi, ndiyo maana kuna wanaouita Nairuzi. Wengine wasema wageni waliukuta hapa hapa. Mimi sijui. Najua niliukuta, na nilipoukuta haukuwa umekatika."

Akaniambia pia kwamba kila mji ulikuwa na hesabu yake, kwa hiyo Mwaka wa mji mmoja ungeweza kutangulia wa mwingine kwa siku kadhaa. Yeye alifuata wa kwao. Furaha yake kubwa ilikuwa kwamba siku aliyooga yeye Makadara ndiyo siku hiyo hiyo aliyooga dada yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Walihesabu tu, kila mmoja kwake, wakakutana.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na mkebe wa kakao wenye komwe kumi, zile mbegu ngumu za kijivu ambazo wazee huchezea bao. Kila siku jioni, adhana ya magharibi ikilia, komwe moja ilitolewa mkebeni na kutiwa kwenye bakuli la udongo. Zikitimia kumi bakulini, Nyanya alitunga ushanga mmoja kwenye uzi, na komwe zikarudi mkebeni kuanza upya. Kalenda ya ukutani hakuiamini wala hakuitazama, na sisi wengine kazi yetu na kalenda ilikuwa moja tu: Desemba ikiisha tuliishusha na kujalidia madaftari.

Na siku yenyewe ikifika! Ilitukuta kwenye baridi ile ya Julai na Agosti, shule zikikaribia kufungwa, asubuhi pua zinavuja. Kabla jua halijatoka tulikuwa tumeketi mkekani familia nzima, na mbele yetu chupa ya soda iliyojaa maji ya bahari ambayo baba alikuwa ameyaleta. Kila ndoo ilitiwa kifuniko kimoja cha maji hayo. Baba aliita ndoo ile bahari ya Makadara, na Nyanya alimwambia akae kimya.

Lakini kwanza, kabla ya kuoga, kila mtu alisema kosa lake. "Mwaka hauogwi na kinyongo," Nyanya alisema. Kosa lolote lililotajwa asubuhi ile halikuadhibiwa wala halikurudiwa tena kusemwa, hata liwe kubwa vipi. Mwaka mmoja baba alikiri kwamba redio ya Nyanya haikuibwa kama alivyokuwa amesema, aliiuza. Mama aliuma kanga asicheke. Nyanya alimtazama mwanawe muda mrefu, kisha akasema neno lake la siku ile: "Limekwenda na maji." Na kweli lilikwenda, ingawa redio hakuacha kuitaja, ila kwa jina tu, kama mtu anayemtaja marehemu. Mimi nilikiri sukari niliyolamba na kikombe nilichovunja, nikamwagiwa ndoo, nikapiga ukelele kwa baridi, na nikatoka nikiwa mwepesi.

Halafu jivu lote la jiko lilizolewa na kwenda kumwagwa njia panda. Moto mpya uliwashwa kwa kiberiti kipya, na siku hiyo hatukuomba kaa la moto kwa jirani wala hatukumpa mtu. Sufuria kubwa ilibandikwa na nafaka saba ndani yake. Mahindi, maharage, kunde na choroko zilikuwa zetu. Mama Mwende alileta ndengu na mbaazi, na mtama ulitoka kwa yeyote aliyekuwa nao. Mume wa Mama Mwende, Mzee Kioko, alikuwa mchongaji wa vinyago, na alikuja na mwiko aliouchonga mwenyewe. Kila mwaka alionja, akatafakari, akatoa hukumu ile ile, akiifananisha na mseto wa mahindi na maharage wa kwao: "Hii ni isyo yetu ya Ukambani, ila imesilimu." Kila mwaka tulicheka. Sisi watoto tukimaliza kula tulishika mikebe na kumwagiana maji ploti nzima, Wakristo kwa Waislamu, na hakuna mama aliyegomba.

Nilipokuwa darasa la tano, macho ya Nyanya yalianza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema hospitalini. Siku moja akaniita, akaniwekea mkebe mapajani.

"Toka leo utatia wewe. Mimi nitatunga ushanga kwa vidole, vidole vyangu havina tatizo. Ila kutia ni kwako. Usiruke hata siku moja, mwanangu. Ukiruka moja tu, tumepotea."

Nilijiona mkubwa. Mwaka wa kwanza niliufanya kwa adabu kabisa. Adhana ikilia naacha mchezo katikati, nakimbia, natia komwe yangu, narudi. Tulioga, na barua ya Bi Mwanaisha ikaja kuthibitisha: siku ile ile. Nyanya alinibusu kichwani mbele ya Mwende, binti wa jirani, nikaona aibu na raha.

Mwaka wa pili likizo ya Aprili ikanikuta na mchezo wa kati. Mvua ilikuwa imeacha uwanja laini, mpira ulikuwa mpya, na timu yetu ya wasichana wa ploti ilikuwa ikishindana na wa ploti ya pili kila jioni mpaka giza. Adhana ilikuwa ikilia pale pale mchezo unaponoga. Mwende, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, akanishika mkono.

"Manze usiende. Ukitoka tunachapwa."

"Nyanya ananingoja."

"Hizo mbegu zitatoroka? Si utaweka mbili kesho."

Nikabaki. Tukashinda. Kesho yake nilipofungua mkebe sikukumbuka kama nilikuwa nadaiwa moja au zaidi. Bakulini zilikuwa mbili. Je, nimeruka jana tu, au tangu Ijumaa? Likizo siku zote zinafanana. Nilikaa pale na komwe mkononi, nikisikia wenzangu wakiniita uwanjani, na badala ya kwenda kusema "Nyanya, nimechanganyikiwa," nikazimimina zote nane zilizobaki kwenye bakuli.

"Kumi zimetimia, Nyanya."

Alisita. "Mbona upesi?"

"Zimetimia."

Akachukua uzi, akatunga ushanga. Nikarudi kucheza. Hata sikumbuki nani alishinda jioni ile.

Mwezi uliofuata Nyanya akaugua homa kali, wiki nzima akiweweseka. Aling'ang'ania mkebe uwekwe karibu na mto wake, na mara kadhaa niliukuta umo mikononi mwake, anaupapasa. Akapona. Shanga zikaendelea, thelathini na sita zikafika, tukafagia nyumba siku tano, tukaoga Mwaka siku ya Jumatano.

Asubuhi ile, mkekani, zamu yangu ilipofika, nilikiri kwamba nilikuwa nimeiba sarafu za mama za mauzo ya mahamri. Hilo nililisema. Lile la komwe lilifika mpaka kooni na kurudi, kwa sababu nilijiambia huenda nilikisia sawa. Nyanya akasema, "Limekwenda na maji," nami nikamwagiwa maji, na kwa mara ya kwanza sikutoka mwepesi.

Barua ya Bi Mwanaisha ilifika na baba Ijumaa ya wiki iliyofuata. Macho ya Nyanya yalikuwa yamekwisha kabisa kwa kusoma, kwa hiyo barua zilikuwa zikisomwa na mimi. Niliketi mlangoni penye mwanga. Salamu, habari za watoto, nazi zimepanda bei. Kisha nikaiona sentensi kabla sijaisoma kwa sauti: "Juzi Jumanne tumeoga Mwaka, nami nikakukumbuka, nikajua nawe saa ile unaoga."

Nilinyamaza. Mtu aliyezoea kusomewa barua anajua tofauti ya kimya cha mwisho wa sentensi na kimya kingine.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Jumanne. Sisi tulikuwa tumeoga siku sita kabla.

Mama alikuwa akikaanga vitunguu nyuma, na mafuta yalisikika. Kisha Nyanya akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniogopesha kuliko kiboko.

"Uliruka, mwanangu?"

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ningesema ndiyo. Ingekuwa rahisi kiasi gani, hata kama si siku ya Mwaka, hata kama angenichapa.

"Sikuruka, Nyanya. Wallahi."

Akatikisa kichwa polepole. Aliniamini, na hapo hapo. "Basi ni mimi," akasema. "Siku zile za homa. Nilikuwa na mkebe mkononi, huenda nilikuwa nikitia na kutia. Ni mimi."

Kesho yake akaniambia nilete karatasi na kalamu. Ndilo jambo ambalo mpaka leo nikishika kalamu ya wino wa buluu hunirudia. Alisema, nami nikaandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri ambao mwalimu wangu alikuwa akiusifia: "Dada yangu, hesabu yangu imeharibika. Uzee umeniingia kichwani. Nimeoga kabla ya siku, nawe ulikuwa peke yako siku ile. Nisamehe." Nilimuuliza kama niandike "nisamehe" mwishoni au mwanzoni. Niliuliza hivyo, kwa sauti ya kawaida kabisa. Barua ikaenda chini ya kiti cha baba. Ile ya Bi Mwanaisha niliichana vipande vidogo na kuvitia jikoni, nikidhani kwamba karatasi ikiungua na jambo litaungua.

Kwao kulikuwa na sheria kwamba aliyepoteza siku hashiki tena uzi. Nyanya akauzungushia ule uzi wa shanga kwenye mkebe, akaniita.

"Ulikuwa macho yangu tu," akasema. "Sasa hesabu ni yako yote, kutia na kutunga. Wewe hukukosea. Siku aliyooga dada yangu waijua, anzia hapo."

Nikaupokea. Nilihesabu siku nne, labda tano. Lakini kila nikishika komwe niliisikia ile "hukukosea" yake. Siku ya sita niliupeleka mkebe nyuma ya kabati na sikuutoa tena. Nilijiambia nitaanza Jumatatu, kama mtu anayetaka kuacha sigara.

Kabla ya Ramadhani ya mwaka ule Bi Mwanaisha alifariki. Baba naye alihamishiwa njia ya Malaba, kwa hiyo hapakuja tena chupa ya bahari wala barua. Mama alidhani Nyanya hataji Mwaka kwa sababu ya huzuni ya dada yake. Lakini alikuwa akiutaja, kwangu mimi tu. Baridi ya Julai iliyofuata ilipoingia aliniita kitandani kwake.

"Mwaka bado?"

"Bado, Nyanya."

Agosti shule zikafungwa. Akauliza tena, na safari hii alinishika mkono.

"Bado tu?"

"Bado kidogo."

Nilikuwa na mpango, msinicheke. Nilitaka nichague siku yoyote, niseme ndiyo hii, tukae mkekani, na pale, kabla ya maji, niseme kosa langu, kwa maana siku ya Mwaka ndiyo siku pekee ambayo lingeweza kwenda na maji. Lakini ningechaguaje siku ya uongo ya kusemea ukweli? Nikaahirisha. Septemba jua likaanza kuwa kali, mama akaondoa blanketi la pili kitandani, na Nyanya akaacha kuuliza. Mwanamke aliyehesabu miaka zaidi ya hamsini hakuhitaji macho kujua kwamba Mwaka ulikuwa umepita. Alijua, na hakuniuliza kwa nini. Akafa mvua za Novemba, akazikwa alasiri ile ile. Mama Mwende alileta ndengu na mbaazi, akaziweka mezani kwa mazoea ya mkono.

Wenzangu, siku hizi naishi Njiru, nyumba ya ghorofa, maji yanaingia mpaka jikoni siku mbili kwa wiki. Majirani tunajuana kwa namba za milango. Napikia gesi, na gesi haina jivu, hata ningetaka kwenda njia panda sina cha kumwaga. Vijana wetu wana simu zinazowakumbusha kunywa maji na kulala, na siku ya kuzaliwa ya mtu wasiyemjua. Sasa hata utamaduni umepewa likizo yake, umewekwa kwa wino mwekundu kwenye kalenda, na watoto wanaambiwa wavae nguo za kwao. Wanakodi shanga mjini na kuzirudisha jioni.

Binti yangu, ambaye nimempa jina la Nyanya, alirudi na barua ya shule kuhusu siku hiyo. Akataka kujua kwetu tuna sherehe gani. Nikamweleza mkeka, chupa ya bahari, nafaka saba, isyo iliyosilimu. Alicheka sana hapo. Mkebe ninao, nikaushusha, akamwaga komwe mezani, akazihesabu: kumi. Uzi ulikatika zamani, shanga ziko kwenye mfuko wa nailoni. Akatafuta kwenye simu yake, akapata siku ya mji mwingine, huko mbali, wanaoga na kushangilia na watalii wanapiga picha. Nikamwambia hiyo ni ya wenyewe. Yetu ilikuwa ikihesabiwa na watu wawili, mmoja amelala kwao, mwingine Nairobi.

"Na wewe hukufundishwa?"

"Nilifundishwa."

Alikuwa anapanga komwe mstari mmoja kwenye meza, kwa kidole, moja moja, vile vile tu. Ningemwambia yote pale. Sauti ya adhana ilikuwa inasikika kwa mbali kutoka upande wa barabara ya Kangundo, na nilifungua mdomo.

"Kwa hivyo mamii, Mwaka wetu ni lini?"

Nikamtazama usoni, uso wa Nyanya ule ule, nikamwambia, "Bado."